Kabla ya Kuomba Pikipiki Mpya: Somo la Injini ya Zamani Katika Chumba Kidogo



Mojawapo ya parokia tunazofanya nazo kazi ilituandikia barua ikiomba pikipiki mpya kwa ajili ya katekista wake. Ile aliyokuwa akiitumia, Honda CG125 ya miaka ya 1980, ilikuwa imeegemezwa ukutani kwa miezi kumi na minne. Barua ilitoa sababu kwa maneno mawili: injini imekwisha. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kufika mara mbili na mizani yake.

Hatukuikataa barua hiyo, wala hatukuipeleka kwa wafadhili. Tulijibu kwa kuuliza ni nani aliyeifungua injini akaona kilichokwisha. Ikabainika kwamba hakuna. Pikipiki ilianza kutoa moshi wa buluu, ikawa inakula oili, siku moja ikanoki mlimani na kusukumwa hadi nyumbani. Hukumu ikatolewa hapo hapo. Wakati huo wote katekista alikuwa akienda kwa miguu kwenye vigango vinne, cha mbali zaidi kikiwa mwendo wa saa tatu, na wagonjwa aliozoea kuwapakia hadi zahanati walikuwa wakibebwa kwa machela.

Mwenyekiti alitupa muda hadi kikao cha mwisho wa mwezi uliofuata. Iwapo injini isingewaka kufikia siku hiyo, ingeuzwa kwa kilo. Tulikuwa na wiki sita, na tulikuwa watatu: katekista mwenyewe, fundi mmoja mzee aliyestaafu, na kijana wa kwaya mwenye mikono myepesi. Yafuatayo ni tuliyojifunza, pamoja na kosa letu, ili kamati nyingine zisilirudie.

Kwa nini injini hii

Si kila injini ya zamani inastahili taabu. Hii inastahili. Honda walianza kuiuza CG125 mwaka 1976, na waliibuni kwa ajili ya nchi kama zetu. Wahandisi wao walikuwa wameona kwamba huku pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na oili hubadilishwa kwa nadra. Injini walizokuwa nazo ziliendesha valvu kwa cheni ndogo ya ndani, na cheni ya namna hiyo huteseka sana oili ikichakaa. Kwa hiyo wakairudisha kamshafti chini, wakaiendesha kwa gia, na kuzisukuma valvu kwa fito mbili, yaani pushirodi. Mtindo huo ulionekana wa kizamani hata wakati huo, lakini nchini Pakistan injini ya jinsi hiyo inatengenezwa hadi leo.

Faida ya pili ni spea. Pikipiki nyingi za bodaboda zinazotoka China zina injini iliyonakiliwa kutoka kwenye CG. Ndiyo maana pistoni, ringi, gasketi na sili zake hupatikana Kariakoo na hata katika miji midogo ya wilaya. Sehemu nyingi huingiliana, ila si zote. Nenda dukani na kipande cha zamani mkononi, ukiweke kando ya kipya juu ya kaunta kabla hujatoa fedha.

Chumba na ubao

Kamati nyingi hutuambia, “Sisi hatuna karakana.” Katekista huyu naye hakuwa nayo. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili, watoto wanne, magunia ya mahindi, na meza moja ambayo ni ya kulia, ya watoto kuandikia na ya mama mwenye nyumba kukandia unga. Mama alitukubalia tuitumie meza kwa sharti moja: jioni iwe tupu na isinuke petroli.

Sharti hilo lilitufaa kuliko chombo chochote tulichokuja nacho. Tulitafuta ubao wa sentimita 60 kwa 90, tukaupigilia vipande vya mbao pembeni kama sinia, na kazi yote ikafanyika juu yake. Saa kumi na moja jioni ubao uliinuliwa na kila kilichokuwamo, ukafunikwa kwa shuka safi na kusukumwa chini ya kitanda. Kitu kisichoenea katika ubao hakikufunguliwa siku hiyo. Hivyo tulilazimika kufungua sehemu moja, kuisafisha, kuipima na kuihifadhi kabla ya kugusa nyingine. Tumewahi kuona gereji kubwa ambamo injini tatu zimechanganyika sakafuni na hakuna ajuaye nati ipi ni ya ipi.

Vipande vidogo tuliviweka katika trei za mayai. Kila shimo lilipewa namba kwa kalamu, na namba hiyo ikaandikwa katika daftari: imetoka wapi, upande gani, ilifuatana na nini. Kijana alipiga picha kwa simu kila hatua kabla ya kulegeza chochote. Picha zilisaidia. Hata hivyo daftari lilisaidia zaidi, kwa maana picha haionyeshi kwamba bolti hii ni fupi kuliko jirani yake kwa milimita tano. Bolti za vifuniko vya pembeni zina urefu tofauti. Ukiiingiza ndefu mahali pa fupi unaweza kupasua kasha. Tulichora umbo la kifuniko kwenye kipande cha boksi, tukachoma matundu, na kila bolti ikakaa katika tundu lake.

Kwa kazi ya juu tu, yaani hedi, silinda na pistoni, mtu anaweza kuiacha injini hii kwenye fremu. Sisi tuliishusha kwa sababu fremu ilikuwa nje penye vumbi, na kuna sili tulizotaka kubadilisha. Watu wawili huibeba bila shida. Fremu ilibaki ukutani chini ya turubai.

Kuosha kulifanyika nje, kivulini, kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, kamwe si kwa petroli na kamwe si ndani. Nyumba yenye jiko la mkaa na koroboi haipatani na beseni la petroli. Oili chafu ilihifadhiwa kwenye dumu lenye kifuniko. Haikumwagwa uani, kwa kuwa kisima kiko hatua thelathini kutoka hapo.

Tulichokikuta ndani

Mzee aliondoa kifuniko cha kichujio cha hewa kabla ya kitu kingine, akatuita. Sponji haikuwamo. Katekista alikumbuka kwamba fundi wa njiani aliitoa ili injini “ipumue vizuri.” Basi ilikuwa imepumua vumbi la barabara ya kigango kwa miaka miwili.

Tulipoinua silinda, habari yote ilikuwa imeandikwa ukutani mwake. Mikwaruzo ilishuka kutoka juu hadi chini upande wa mbele na wa nyuma, na karibu na ukingo wa juu kulikuwa na ngazi ndogo unayoweza kuisikia kwa ukucha, mahali ringi zinapogeukia. Silinda mpya ya aina hii ina kipenyo cha milimita 56.5. Kwa geji ya kuazima tulisoma 56.63 juu na 56.53 chini. Tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita yaonekana si kitu. Kwa pistoni ni mlango wazi. Oili hupanda, moto hushuka, na nguvu hupotea.

Upande wa klachi, mwisho wa krenki, injini hii ina kichujio cha duara kinachozunguka na kurusha uchafu pembeni. Hakina karatasi, na hakionekani bila kufungua kifuniko cha kulia. Wengi wanaoendesha pikipiki hizi hawajui kwamba kipo. Tulikuta kimejaa ugoro mweusi mgumu kama lami, tukaukwangua kwa kijiti cha mwanzi.

Kisha likaja swali kubwa zaidi: krenki. Mzee alileta konrodi juu kabisa, akaishika kwa vidole viwili na kuivuta juu na kuisukuma chini pasipo kuizungusha. Haikucheza. Kuyumba kidogo kwenda pembeni ni kawaida, lakini kucheza juu na chini kuna maana kwamba beringi ya chini imekwisha. Hapo ni lazima kasha lipasuliwe na krenki ipelekwe kwenye mashine ya kukandamiza. Kazi hiyo haifanyiki chini ya kitanda. Beringi kuu nazo zilizunguka kimya. Kijana alitaka tupasue kasha “ili tujue kila kitu.” Mzee akamwambia, “Mwanangu, usimpasue mgonjwa tumbo kwa sababu una kisu.” Tulimsikiliza, na hadi sasa tunaona alisema kweli. Kasha lisilo na dalili ya ugonjwa lifungwe libaki hivyo.

Ya nyumbani na ya mjini

Kuna kazi moja ambayo hatukuijaribu, nayo ni kuchonga silinda. Wapo wanaoizungushia msasa kwa mkono na kuweka ringi mpya juu ya ukuta uliochakaa. Pikipiki itawaka, itamfurahisha mwenyekiti, na baada ya miezi mitatu itarudi ukutani. Silinda ilienda mjini kwenye mashine.

Pistoni kubwa za injini hii huuzwa kwa hatua nne: nyongeza ya milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Mikwaruzo yetu ilihitaji 0.50. Hapa pana utaratibu ambao kamati inayotoa fedha ni vema iuelewe: nunua pistoni kwanza, kisha umpe mchongaji silinda na pistoni pamoja, ili achonge kwa kuifuata pistoni hiyo hiyo. Pistoni mbili zenye maandishi sawa zaweza kutofautiana. Tuliyonunua mara ya kwanza, katika duka moja la spea, ilikuwa imeandikwa 0.50, lakini geji ilionyesha ni ndogo kuliko inavyodai. Tuliirudisha kwa sababu tulikuwa na risiti na hatukuwa tumechonga bado. Kama tungechonga kwanza, tungebaki na tundu lisilo na mwenyewe.

Valvu tulizisaga nyumbani. Pesti kidogo ya kusagia, kijiti chenye mpira wa kunyonya, na kuzungusha kwa viganja kwenda na kurudi hadi ukingo uonyeshe mstari wa kijivu usiokatika. Pesti yote ioshwe hadi mwisho, kwa kuwa ni mchanga. Ili kuhakikisha, tulifunga valvu na springi zake, tukageuza hedi na kumwaga mafuta ya taa katika njia ya kuingilia hewa na ya kutolea moshi. Tuliacha kwa muda wa kunywa chai. Valvu ya moshi ilivuja tone, ikasagwa tena.

Kufunga, na kosa letu

Silinda iliporudi tuliiosha kwa maji ya moto na sabuni, siyo kwa mafuta ya taa peke yake, hadi kitambaa cheupe kilipopita ndani na kutoka cheupe. Unga wa kuchongea hujificha katika mistari ya ukuta. Mara tu ilipokauka tulipaka oili, maana chuma kitupu hushika kutu kabla ya chakula cha mchana.

Ringi ziingizwe moja moja ndani ya silinda kabla ya kuvikwa, zisukumwe kwa kichwa cha pistoni ili zikae sawa, na pengo la ncha zake lipimwe. Tulipata milimita 0.25, na hilo linafaa. Alama ya ringi hutazama juu. Mapengo matatu tuliyatawanya kuzunguka pistoni yasikae mstari mmoja. Maandishi IN yaliyo juu ya pistoni huelekea upande wa kabureta. Klipu za pini ni mpya daima, hata kama za zamani zaonekana nzima, na mdomo wa kasha uzibwe kwa kitambaa wakati wa kuzivika. Klipu ikiruka na kuzama humo, mtapasua kasha msilotaka kulipasua.

Hadi hapo mambo yalikwenda vizuri, na pengine ndiyo sababu tulizembea. Gasketi ya chini ya silinda ilionekana nyembamba. Mmoja wetu, ambaye ni mwandishi wa ukurasa huu, alisema tuongeze silikoni ili isivuje. Tukaipaka kwa ukarimu. Tukafunga nati za hedi kwa mkingamo, kidogo kidogo kwa duru tatu, tukaweka pushirodi na roka, tukajipongeza.

Mzee hakuruhusu kuwasha. Alitoa plagi, akaacha kifuniko cha roka wazi, akamwambia kijana apige kiki taratibu huku sote tukitazama kama oili inafika juu. Kijana alipiga kiki hadi akatoka jasho. Roka zilibaki kavu. Silikoni ilikuwa imebanwa ikaingia katika njia nyembamba ambayo oili hupandia kwenda kwenye hedi, na kuiziba. Kama tungewasha, roka na fito zingesagika ndani ya safari moja, nasi tungeripoti kwamba injini ya zamani haitengenezeki.

Tulifungua tena siku hiyo hiyo. Gasketi ya hedi iliyokwisha kubanwa hairudiwi, kwa hiyo fedha ya pili ilitoka mfukoni mwetu, si mwa kamati. Siku tatu zilipotea na kikao kilikuwa kimebaki siku tisa. Mara ya pili tulifunga gasketi kavu, nyuso zikiwa safi, bila silikoni yoyote. Oili ilipanda roka kiki ya thelathini na kitu. Haijavuja.

Nafasi ya valvu ni milimita 0.08 kwa zote mbili, injini ikiwa baridi na pistoni ikiwa juu katika mkandamizo. Pointi tuliweka 0.35, plagi 0.7. Sponji mpya ya kichujio cha hewa ilipakwa oili kidogo na kukamuliwa. Injini ilibebwa nje ya nyumba kabla ya kuwashwa, kwa sababu moshi wa ekzosi ndani ya chumba huua pasipo kunuka hatari. Iliwaka kiki ya nne.

Kilomita za kwanza

Tuliipeleka kikaoni siku ya Jumamosi, na hapo ndipo ilipotaka kuharibika mara ya pili. Kila mjumbe alitaka kuijaribu, na mmoja alitaka kuipandisha mlimani akiwa na abiria wawili. Ringi mpya na ukuta uliochongwa havijazoeana. Kwa kilomita 500 za kwanza isipakie mtu wala gunia, isifunguliwe gesi yote, na mwendo ubadilike-badilike badala ya kushikwa pamoja. Oili ya kwanza tuliimwaga baada ya kilomita 200. Iling'aa kwa chembe za chuma, na ndivyo ilivyopaswa. Nafasi ya valvu ilipimwa tena siku hiyo.

Baada ya hapo tumepanga oili ibadilishwe kila kilomita 1,000, lita moja hivi, kwa sababu ya vumbi. Iwe ya pikipiki. Klachi ya injini hii huogelea katika oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya iteleze.

Kwa upande wa fedha, hatutaji bei kwa kuwa hubadilika kila robo. Risiti zote zimo katika jalada la parokia na mfadhili yeyote anaweza kuziomba. Lakini tuna neno kwa wafadhili. Pikipiki hupatikana kwa urahisi kuliko sponji ya kichujio, kwa sababu pikipiki hupigwa picha siku ya kukabidhiwa. Parokia hii haikuwa na fungu la spea hata moja katika bajeti ya miaka mitano. Kuanzia mwaka huu fomu yetu ya maombi ina mstari wa oili, kichujio na matengenezo, na ombi la chombo kipya lisilojaza mstari huo tunalirudisha. Kwa kamati nazo: daftari la oili la pikipiki hii sasa hukaa kwa mhasibu, naye hulisoma kabla ya kuidhinisha petroli ya mwezi. Katekista mwanzoni alinung'unika kwamba anachungwa. Alipotimiza kilomita 1,000 alilileta mwenyewe.

Ofisi yetu ina sanduku moja la kuazimisha, lenye geji ya silinda, fila, pula ya sumaku na kijiti cha kusagia valvu. Kamati inayolitaka ituandikie barua yenye sahihi ya mwenyekiti, ikieleza injini ni ya aina gani na ni nini kilichoonekana baada ya kuondoa kifuniko cha kichujio cha hewa. Huhitaji chombo chetu kwa hilo, bisibisi inatosha. Sanduku lirudi ndani ya wiki nne, vyombo vikiwa vimepanguswa. Mara ya mwisho pula ilirudi na matope.